Hatua Sitini za Kabati la Nashwa

Tangazo lilibandikwa Jumapili asubuhi kwenye nguzo ya umeme mbele ya mkahawa wa Bi Inshirah, na mpaka adhuhuri hakuna aliyekuwa amelisoma. Hapa Mtaa wa Kinu tumeshazoea. Nguzo ile hubandikwa taarifa za misiba na matangazo ya madaktari wa meno, na sisi hatuna haraka na yote mawili. Aliyelisoma ni Katiba. Jina lake halisi ni Wadie, karani mstaafu wa mahakama, mtu asiyeweza kuona mhuri akaupita bila kuusalimia.

"Hebu acheni kelele," akasema akivaa miwani. "'Wakazi wa Mtaa wa Kinu mnajulishwa kwamba barabara yenu, ambayo kwa sasa ni ya mwelekeo mmoja, itafanywa kuwa ya mielekeo miwili. Majaribio yataanza Alhamisi. Maoni ya wakazi yatachukuliwa Jumanne, mtaani hapo hapo.'"

Kete za dhumna zikanyamaza. Bi Inshirah akasimama katikati ya barabara na sinia lake la chai. Pikipiki ikamkwepa ikielekea soko la samaki, baiskeli ya mikate ikamkwepa ikitokea soko la samaki.

"Soma tena pale," akasema. "Kwa sasa ni ya nini?"

"Ya mwelekeo mmoja."

"Mtaa upi?"

"Huu uliosimama katikati yake, Bi mkubwa."

"Mtaa huu? Nina miaka thelathini hapa. Naona magari yanakuja huku, yanakuja kule, mengine yanakuja kiubavuubavu, halafu uniambie ni mwelekeo mmoja?"

"Kumbe ulidhani mimi narudi nyuma kila siku kwa starehe?" akafoka Rivasi.

Huyu ni Zaghlul, dereva teksi. Nyumba yake iko juu kabisa ya mtaa, na kila siku ifikapo saa saba, muda wa chakula, huingia mtaani kutokea sokoni kwa rivasi, mwendo kasi, mkono mmoja kwenye usukani na shingo imegeuka mpaka unadhani itakatika.

"Sisi tulijua gia zako za mbele zimekufa," nikamwambia.

"Zimekufa kichwani mwako, Sponji! Mimi ni raia mwema. Uso wa gari unatazama sheria inakotaka. Matako ndiyo yanayokwenda nyumbani. Trafiki gani atanikamata? Atasema nini? Kwamba naenda kinyume? Mbona taa zangu za mbele ziko sawa?"

"Miaka mingapi unafanya hivyo?"

"Kumi na tisa. Mke wangu akitaka kunitambua kwa mbali anatazama kisogo."

Sponji ni mimi. Natengeneza magodoro na viti, na ndimi mwenye akili timamu pekee kijiweni hapo. Wengine watabisha, lakini anayesimulia ni mimi.

"Haya, na kibao kiko wapi?" nikauliza. "Barabara ya mwelekeo mmoja ina kibao. Mshale mweupe kwenye rangi ya buluu. Nani kakiona?"

Katiba akakuna kichwa. "Kulikuwepo kimoja, zamani. Kilikuwa pale kwenye kona ya..."

Hakumaliza. Akainua kete zake za dhumna taratibu, moja moja, na sote tukainamisha macho kwenye meza. Meza yetu ni ya bati, ya buluu, na katikati ina mshale mweupe. Kijiweni kwetu anayekaa kwenye ncha ya mshale ndiye anayeanza kucheza. Hiyo ndiyo sheria pekee tunayoiheshimu wote, na hakuna siku hata moja tuliyojiuliza ule mshale ulitoka wapi.

"Miaka kumi na moja," akanong'ona Katiba. "Miaka kumi na moja mimi, mtumishi wa mahakama, napiga dhumna juu ya mali ya serikali!"

"Nani alitengeneza meza hii?" akauliza Bi Inshirah, ingawa jibu alilijua.

Sote tukamgeukia Kabati.

Kabati ni Haji Mitwalli, seremala, karakana yake iko hapo hapo mkono wa kulia wa mkahawa. Tangu tangazo lianze kusomwa alikuwa kajiinamia, kichwa mikononi.

"Kilianguka na upepo," akasema bila kuinua uso. "Nikakiokota, nikakiwekea miguu. Bati zuri, halipati mchwa. Lakini si hilo. Jamani, mimi nimekwisha. Katika siku zote za Mungu, Alhamisi!"

Hapo ndipo tukakumbuka. Alhamisi hiyo ndiyo siku ya kuhamisha vyombo vya binti yake, Nashwa.

Nasi watu wa mji huu wa Dumyat ndio tunaotengeneza samani za nchi nzima, kwa hiyo kwetu vyombo vya bibi harusi havihamishwi kimya kimya. Vinapangwa kwenye magari ya wazi, kila godoro lionekane, kila sufuria ing'ae, ngoma mbele, honi nyuma, na mji wote usimame kutazama baba wa watu kamtoaje mwanawe. Na Haji Mitwalli kwa miaka minne hakuzungumza kitu kingine ila kabati la Nashwa. Milango minne, vioo viwili, miguu ya kuchonga. Ukimwamkia anakujibu bawaba. Ndiyo maana tukamwita Kabati.

"Sasa shida iko wapi?" akauliza Rivasi. "Bwana harusi anakaa pale." Akaonyesha kwa kidole, mkono wa kushoto wa mkahawa. "Hatua sitini. Ukipiga chafya kwako, wao wanakuombea rehema. Hamisha vyombo, tule mshabaki wa sukari, tulale."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mpumbavu wewe! Hatua sitini! Mimi nimekodi magari kumi na mawili! Gari la kwanza litafika kabla la mwisho halijapakiwa!"

"Basi msipakie. Simameni mstari, mpokezane kama matofali."

Kabati akamrushia kandambili. Ikampata Katiba.

"Mshale ulikuwa unaniokoa," akaendelea Kabati. "Mshale unasema huwezi kwenda kushoto. Lazima ushuke kulia, upite soko la samaki, upande Kornishi ya kando ya mto, uuzunguke mji wote, urudi uingie kwa juu. Saa nzima! Na pale Kornishi nani ana duka?"

"Basyuni," tukasema wote kwa pamoja.

Basyuni naye ni seremala, wa maduka ya vioo na taa. Mwaka jana, tena kwenye hema la matanga, watu wamekaa wanasikiliza Qurani, aliinama akamwambia jirani yake kwamba kasikia Mitwalli anamtengenezea binti yake kabati la mbao za kreti za machungwa. Akadhani kanong'ona. Hema zima lilisikia, na nadhani hata marehemu.

"Nimemezea mwaka mzima," akasema Kabati. "Nikajisemea, subiri. Siku moja litapita mbele ya duka lako, polepole, kwa ngoma, na wewe umesimama mlangoni."

"Sasa si upite tu kule hata kama hakuna mshale?" nikamwuliza. "Nani atakukataza kuzunguka?"

"Mkwe wangu."

Mkwe wake ni Ustadhi Fikri, baba wa bwana harusi, mwalimu wa hesabu, mtu anayeogopa jicho la husuda kuliko moto. Alitaka vyombo vihamishwe alfajiri, vimefunikwa shuka. Wakabishana wiki tatu. Mwisho wakaandikiana kwenye orodha ya vyombo, ile ambayo mababa wawili husaini kabla ya ndoa, chini kabisa baada ya vijiko: vyombo vitahamishwa kwa njia fupi kuliko zote inayoruhusiwa na sheria.

"Na wewe ukasaini?" akashangaa Bi Inshirah.

"Nilisaini nacheka! Yeye hajui kama kuna mshale. Nani anajua? Najua mimi, niliyeuwekea miguu! Siku yenyewe ningemwambia: Ustadhi, samahani sana, hapa kushoto hapaendeki kisheria, angalia ramani ya mji. Sheria nilikuwa nayo mkononi!"

"Chini ya dhumna," nikamsahihisha.

"Na sasa Alhamisi wanaifuta. Hatua sitini, wala Basyuni hatajua kama kuna harusi."

Tukamwonea huruma, mimi naomba niseme kweli. Huyu mtu tumemwona akipiga msasa mguu mmoja wa kabati kwa mwezi mzima. Bi Inshirah akaweka sinia chini, akakunja mikono ya gauni.

"Si wamesema wanataka maoni? Jumanne tutawapa maoni. Hakuna njia mbili hapa. Na viti vyangu vikae wapi? Hivi mlivyokalia viko barabarani, mnajua?"

"Mimi nakataa kwa sababu ya kazi," akasema Rivasi. "Kila mtu akiruhusiwa kwenda mbele, mimi nitakuwa nani? Dereva wa kawaida!"

"Na mimi nakataa kwa kanuni," akasema Katiba.

"Kanuni ipi?"

"Nitaitafuta."

Tukaapa. Tukawekeana mikono juu ya mshale, wote watano, kwamba Jumanne ni hapana, hata aje nani.

Akaja binti.

Tulitegemea mtu mwenye tumbo na walkitoki. Akaja mhandisi Rawya, peke yake, kwa miguu, jua la saa nane, kakumbatia ubao mkubwa kuliko yeye na kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Ubaoni amechora mtaa wetu wote, hata mkahawa upo, hata nguzo ya misiba ipo. Ana vibandiko vidogo vya duara. Kijani unataka njia mbili, chekundu unataka ibaki vile vile.

"Assalamu alaykum," akasema. "Samahani kwa kuwasumbua. Kule mtaa wa juu wameniambia nirudi kesho. Mtaa wa nyuma wamenifungia mlango."

"Wamekufungia mlango?" Bi Inshirah akashika kifua. "Mgeni? Kaa, mwanangu. Kaa hapa. Rivasi, inuka mpe kiti! Umekula?"

Chai ikaja, mshabaki ukaja, jibini ikaja, matango yakaja. Rawya akaweka glasi yake mezani, akaitazama meza, akaitazama tena.

"Kuna kitu tunakitafuta," akasema. "Kwenye kumbukumbu zetu mtaa huu ulikuwa na kibao cha mshale. Hatukioni."

Katiba akapaliwa na chai. Kabati akamwaga kete zote ishirini na nane mezani kwa mpigo na kuanza kuzichanganya kwa mikono miwili.

"Dunia imeharibika, mhandisi," akasema Rivasi kwa huzuni kubwa. "Siku hizi wanaiba mpaka vibao."

"Haya," akasema Rawya, akausimamisha ubao kwenye viti viwili. "Maoni yenu ni nini?"

Huo ndio ulikuwa wakati wetu. Tukatazamana. Bi Inshirah, ambaye ndiye aliyekunja mikono, akafungua mdomo.

"Wewe mwenyewe unaonaje, mwanangu?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyeichora. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Naona njia mbili itapendeza. Lakini maoni yangu hayana uzito, Bi mkubwa, mtaa ni wenu."

"Astaghfirullah! Mtaa ni wako."

"Hapana, kweli, ni wenu."

"Usiseme hivyo, tutakasirika. Wako na nyumba zake." Akachukua kibandiko cha kijani, akakipachika katikati ya ubao, akatugeukia na macho makali. "Mgeni kanywa chai yangu, halafu nimbandikie nyekundu usoni? Nimelelewa mimi!"

Rivasi akafuata. "Mbele kuna uzuri wake," akasema, akabandika kijani.

"Mahakamani hii tungeiita kushawishi mashahidi kwa tabasamu," akasema Katiba, akabandika viwili.

Mimi nilishika chekundu. Nawaambia nilikishika. Binti akanitazama, akasema, "Asante, ami, hata kukataa ni maoni," na mkono wangu wenyewe ukakirudisha na kuchukua kijani. Sijui mpaka leo nani aliuamuru.

Akabaki Kabati. Akausogelea ule ubao.

"Una umri gani, binti yangu?"

"Ishirini na nne, Haji."

"Sawa na Nashwa wangu. Na bosi wako akiona ubao mwekundu?"

"Atasema alijua tangu mwanzo kwamba sitaiweza."

Kabati akachukua kijani. Akakibandika juu kabisa, akarudi hatua moja nyuma, akafumba jicho moja, akasogea akakinyoosha kidogo kwa kidole gumba. "Kilikaa kombo," akasema.

Rawya alipopinda kona, Kabati akatugeukia.

"Kwa nini hamkunizuia, nyinyi wanafiki?"

"Sisi tulikuwa tunakutegemea wewe!"

"Mliapa!"

"Na wewe uliapa!"

"Mimi nilikuwa wa mwisho! Wa mwisho anafuata wenzake!"

Jumatano hakuna aliyecheza dhumna. Kabati alikaa karakanani na kabati lake, akilifuta vumbi ambalo halikuwepo, na kila tulipopita alituambia "hatua sitini" badala ya salamu.

Alhamisi saa tisa mchana ngoma zikaanza. Magari kumi na mawili yamejipanga mbele ya karakana, mkia wa msafara umefika sokoni. La kwanza limebeba magodoro yangu, nayataja kwa sababu yalipendeza. La mwisho ni lori, na juu ya lori limesimama kabati lenyewe. Kabati alikataa kata kata kulifungua vipande. Lilisimama zima, vioo vimetazama nyuma, jua linamulika mpaka mtaa wa pili. Ustadhi Fikri yuko kwenye baraza yake, hatua sitini mbele, anatazama saa.

"Haya, Bismillah," akasema Kabati kinyonge, kama anayeaga. "Twende tukamalize."

Gari la kwanza likatoka. Likaenda hatua kumi na tano. Na kutoka juu ya mtaa ikaja teksi, kwa mbele, honi juu, dereva ametoa kichwa nje, anachekelea.

"Nimepanda kwa mbele, nashuka kwa mbele!" akapiga kelele Rivasi. "Miaka kumi na tisa! Mwulizeni mke wangu, leo ameuona uso wangu!"

Akasimama pua kwa pua na magodoro yangu.

"Rivasi, rudi nyuma, msafara upite!" nikamwambia.

"Nirudi nyuma? Leo? Wewe Sponji, una wazimu? Nina haki!"

"Na huyu wa magodoro ana haki!"

"Basi tukae na haki zetu."

Nyuma yake zikaja gari tatu, tano, tisa. Nyuma ya lori la kabati nako zikajaa, kila mtu mjini kasikia kuna njia mpya ya mkato kutoka sokoni. Honi zikashindana na ngoma, ngoma zikashinda.

"Mnaona?" akasema Bi Inshirah, sinia kichwani, akipita katikati ya magari. "Zamani hakuna aliyejua kama ana haki. Akija mwenzake anabana pembeni, anaomba radhi, anarudi. Leo wote wana sheria, nani ampishe nani? Chai! Nani anataka chai?"

Glasi zikaanza kuingia madirishani. Wanawake wa ghorofani wakatoka kwenye vibaraza vyao, wakapiga vigelegele. Watu wakaanza kuja kwa miguu kutoka mitaa mingine kutazama foleni. Wakiisha kuitazama foleni, hawana pengine pa kuweka macho ila kwenye vyombo. Wakahesabu masufuria. Wakashika mapazia. Mmoja akauliza magodoro kayatengeneza nani, nikamwonyesha kwa unyenyekevu, mara tatu.

Ustadhi Fikri akaja mbio, miwani mkononi.

"Mitwalli! Ni nini hiki? Mji mzima uko hapa!"

"Njia fupi kuliko zote, Ustadhi," akasema Kabati, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaona meno yake. "Inayoruhusiwa na sheria."

Ustadhi akahesabu magari kwa kidole, akahesabu tena. Bi Inshirah akampa chai.

Sasa ndipo Katiba akanivuta shati. Alikuwa ametumbua macho kuelekea nyuma ya lori.

"Sponji. Ile gari nyeupe."

Nikatazama. Gari ya kwanza nyuma ya lori la kabati, imebanwa mbele, imebanwa nyuma, na ndani yake amekaa Basyuni. Kafuata njia ya mkato akitoka sokoni. Pembeni yake kuna mfuko wa samaki, na mbele yake, hatua mbili kutoka kwenye kioo cha gari, kuna vioo viwili vya kabati la Nashwa. Kila akitazama mbele anajiona mwenyewe amekasirika.

Kabati naye akamwona. Akanigeukia haraka.

"Usinionyeshe," akaninong'oneza. "Sitaki ajue kama nimejua."

Wakati huo huo Rawya akafika anakimbia, daftari mkononi, machozi yako karibu.

"Haji, nimewaharibia! Siku ya binti yako! Kazi yangu ya kwanza na nimeziba mji! Kuna yeyote hapa anayeweza kurudisha gari nyuma mpaka juu?"

Mtaa mzima ukamwonyesha Rivasi.

Rivasi akashuka garini. Kiburi chake chote kikamyeyuka, si mnajua tena, mgeni. "Mhandisi," akasema, "nipe funguo za gari zote za nyuma yangu. Moja moja. Kwa robo saa utauona mtaa huu mweupe."

Kabati akamdaka mkono.

"Usta Zaghlul, fundi wa usukani, ndugu yangu, kipenzi changu. Usirudi nyuma."

"Si binti analia?"

"Binti yangu, usilie," akasema Kabati, akamshika Rawya begani. "Hii ni barabara bora kuliko zote zilizowahi kuchorwa. Ipe muda kidogo tu. Inshirah, mletee glasi ya sahlab ya maziwa! Nakuomba saa moja, mwanangu. Moja tu."

Ikawa mbili. Basyuni alitazama simu yake mpaka ikazima. Akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta, na Katiba anamsalimia. Akatazama mbele. Alhamisi ile kulikuwa na joto, na wale samaki walianza kuzungumza, tukawasikia mpaka mkahawani. Mwisho akafungua mlango, akashuka, akasimama nyuma ya lori. Ngoma zikapungua zenyewe.

Akanyoosha mkono akagusa mguu wa kabati. Akapitisha ukucha kwenye kiungo. Akagonga ubao kwa kidole kilichokunjwa, akaweka sikio, akagonga tena. Akafungua mlango mmoja, akauachia, na mlango ukajifunga wenyewe taratibu bila sauti. Akaufungua tena. Akaufungua mara nne.

"Mitwalli," akasema bila kugeuka.

"Naam, Usta Basyuni."

"Hii miguu umechonga kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kwangu mimi hakuna fundi anayeweza tena." Akabaki amekishika kile kiungo. "Hongera. Mungu ampe binti maisha yenye heri. Siku ile matangani nilisema neno..."

"Sikulisikia," akasema Kabati.

Uongo mtupu, na miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akisema kitu kizuri kama hicho. Mwaka mzima alikuwa anatunga majibu, mengine alinisomea mimi, makali ya kuchuna ngozi, na hakutumia hata moja. Akajifuta macho kwa kofia yake, akageuka kwa Rivasi.

"Haya, Usta. Fungua mtaa."

Nawaambia, mlikosa. Rivasi aliingia gari moja baada ya nyingine, gari kumi na saba, akazirudisha juu kwa kisogo, bila kugusa ukuta, ngoma zinampigia yeye sasa. Mkewe alishangilia kuliko siku ya harusi yao. Rawya aliandika kitu kwenye daftari na kukipigia mstari chini. Na msafara ukaenda zile hatua arobaini na tano zilizobaki, Ustadhi Fikri mwenyewe mbele, anacheza ngoma kwa hesabu, mbili kulia, mbili kushoto. Basyuni alishika kona moja ya kabati wakati wa kulipandisha ghorofani. Samaki wake walibaki garini, na sitaki kuwazungumzia.

Jumamosi asubuhi tulipokutana, tangazo jipya lilikuwa kwenye nguzo. Majaribio yamesitishwa hadi maoni zaidi yakusanywe. Hakuna aliyelijali. Tulikuwa tunatazama meza.

Kabati alikuwa amepita mapema, na rangi nyeupe iliyobaki kwenye kabati la vyombo vya jikoni la Nashwa. Mshale wetu ulikuwa umeongezewa kichwa cha pili, nyuma, kimechorwa ukingo vizuri kabisa, huwezi kukitofautisha na kile cha serikali.

Rivasi akakaa upande wake, akachukua kete. "Naanza mimi. Niko kwenye ncha."

"Wewe uko kwenye ncha gani?" akasema Katiba. "Ncha ni hii yangu."

"Hata huku kuna ncha."

"Hii ndiyo ya sheria!"

"Zote ni za sheria sasa! Nina haki!"

Ilipofika adhuhuri walikuwa bado wamekaa hivyo hivyo, kila mmoja kete mkononi, hakuna aliyecheza. Bi Inshirah akaja kuchukua glasi, akawatazama, akanitazama.

"Kamwite yule binti," akasema. "Mwambie aje anywe chai."